Mawese kwenye Mbao za Mwisho

Baba yangu alikuwa mtu wa neno moja, na nataka hilo lieleweke tangu mwanzo, maana hasira yangu yote imetoka hapo.

Alitunza njia ya bolingi katika klabu ya zamani ya watu wa reli, hapa Kindu, mashariki mwa Kongo: mbao ndefu za mti mgumu, na mwisho wake pini kumi za kuangusha kwa mpira wa mbao. Kabla ya mchezo alipaka mafuta meusi ya mashine sehemu mbili za njia, akaacha sehemu ya tatu, ile ya karibu na pini, kavu kabisa. Kisha alipiga magoti, akapapasa kwa kiganja, akachora mstari wa chaki na kuwatangazia wachezaji wote wawili: "Mafuta inaishia apa. Mbele ya apa njo pakavu." Hakuna aliyewahi kwenda kuhakikisha. Ingekuwa ni kumtukana.

Mimi alinifundisha mwenyewe. Kwenye mafuta mpira unateleza tu, hata uuzungushe vipi. Ukifika pakavu, mbao zinaushika, nao unakata kona na kuingia ubavuni mwa pini. Wanaume wenye nguvu walitupa moja kwa moja, kwao mafuta hayakuwa na maana kubwa. Mimi nilikuwa binti mwembamba, na mchezo wangu wote ulikuwa ile kona.

Vita vilipofunga reli na barabara, ikabaki ndege tu. Mama alikuwa ameshafariki, kaka yangu ameondoka na wenye bunduki. Mdogo wake mama alikuwa amenipatia nafasi ya kusomea uuguzi Goma, na nafasi haimngoji mtu. Basi nilimwendea mfanyabiashara mmoja wa Kivu Kaskazini, aliyekodi ndege za kuleta chumvi na sabuni, mtu aliyependa bolingi kuliko chakula. Nilimwomba kiti. Akacheka.

"Siku ya Mungu ukinishinda, kesho yake unapanda. Neno yangu njo ile."

Nilikuwa nimeshamshinda mara nyingi. Jumamosi nikafunga nguo zangu.

Jumapili Baba alipaka, akachora mstari, akasema maneno yake yaleyale, akaenda kukaa nyuma ya pini kama kawaida. Nilitupa. Mpira ulivuka chaki, nikangoja ukate kona. Wapi! Ulinyooka hadi mwisho, ukaangusha pini moja ya pembeni. Niliongeza mzunguko, nikasogea kushoto, nikapunguza kasi, yote bure. Yule bwana alitupa zake moja kwa moja na pini zikalala. Nilishindwa mchana kweupe, mbele ya watu waliokuja kunishangilia.

"Leo mukono yako ilikuwa muzito, mama," Baba aliniambia njiani. Ndivyo alivyoniita siku zote, mama.

Jioni tulikula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta ya mawese. Chupa niliyoijaza juzi yake ilikuwa tupu. "Iliisha," alisema. Nilikuwa nalia, sikuuliza zaidi.

Goma alikwenda mwingine. Mimi nimeuza nyanya na samaki sokoni Mikelenge, hapahapa Kindu, miaka yote hii, nikiulaumu mkono wangu.

Mwaka huu klabu imebomolewa, na seremala jirani yetu akachukua mbao. Nilikwenda kumwomba kipande cha meza ya soko. Za mwanzo zilikuwa nyeusi kwa mafuta ya mashine. Za mwisho, zilizopaswa kuwa safi, zilikuwa na madoa ya rangi ya kutu, na kwenye viungo vyake utando mgumu. Niliukwaruza kwa ukucha, nikaunusa. Mwanamke aliyepika maisha yake yote Kindu hawezi kukosea harufu ya mawese yaliyochacha.

Nilimkuta Baba uani. Siku hizi macho yake yanaona vivuli tu.

"Baba, ile mawese yetu, ulipaka ku njia?"

Hakujifanya hajasikia. "Nilipaka."

"Na chaki?"

"Nilidanganya. Mama yako alikufa, kaka yako alikwenda. Na weye ungekwenda, ningebakia na nani?"

"Ungeniambia nibakie."

"Ungekatala."

Ningekataa, ni kweli. Lakini angeniacha nikatae! Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu. Changu kilikula nami sombe kavu sahani moja, kikanipa pole. Sijamsamehe, na sidhani nitaweza.

Ulikuwa wakati wa kumpeleka kuoga. Kwenye mlango wa bafu alisimama, akauliza kama anavyouliza kila siku:

"Iko inateleza, mama?"

Sakafu ilijaa povu la sabuni. Siku nyingine humjibu bila kufikiri. Leo nilitazama lile povu, naye akangoja, mguu mmoja hewani, tayari kuliamini lolote nitakalosema.

"Inateleza, baba," nilimwambia mwishowe. "Shika mukono yangu."