Tao Ambalo Mtungaji Hakuliandika

Roswitha Kessler aliteleza kwenye barafu mbele ya duka la nyama, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia, na mji wetu wa Zittau ukamzika mapema: fidla ndiyo basi. Kabla ya hapo alikuwa ameshona mapazia kiwandani mpaka akastaafu, na kila Jumapili ya kwanza ya Majilio, majuma ya kungoja Krismasi, ndiye aliyesimama peke yake kanisani kupiga sonata ile ya kale, muziki wa fidla na kinanda. Mwaka huu alitaka kusimama tena. Mwalimu wa kwaya, bwana Ullrich, hakumficha: "Bi Kessler, ukishindwa kwenye jaribio la Ijumaa, nafasi nampa Annegret, yule mpiga fidla kijana."

Tatizo lilikuwa kitabu. Toleo la kanisa, kuukuu, msomi mmoja alikuwa amelijaza matao marefu, mistari iliyopinda, juu ya noti za muziki, na kila tao linataka noti zote zilizo chini yake zipigwe kwa mvuto mmoja wa upinde. Mkono wa Roswitha ulifika katikati ya mvuto ukaanza kutetemeka kama wa mlevi wa asubuhi.

Akaenda kwa Mechthild Brandt, muuza vitabu vya muziki. Mechthild akamwekea mezani matoleo mawili mengine: moja safi, lililochapwa kwa alama za mtungaji tu, na moja la picha za mwandiko wake mwenyewe.

"Chukua hili safi," alisema Mechthild.

"Limesafishwa na nani? Mimi nataka mkono wake mwenyewe."

"Mwandiko wa zamani una desturi zake, shoga. Kaa unywe kahawa nikueleze."

"Nilishika fidla wewe ukiwa bado unalilia pipi."

"Tulikuwa darasa moja, Roswitha."

Akaondoka na lile la picha. Nyumbani, chini ya taa ya jikoni, aliyaona: matao mafupi, noti mbili mbili, tatu tatu. Yale marefu hayakuwamo kabisa. Akafanya mazoezi mpaka jirani wa juu akagonga sakafu, akapumzika kidogo, akaendelea.

Siku ya mazoezi ya kwanza kanisani, kabla ya Ijumaa, upinde ulitulia. Kisha akakuta alama ya kupandisha noti, naye, kama tulivyofundishwa sote shuleni, akaipandisha noti ile kila ilipojirudia mpaka mwisho wa kipimo, kwenye mstari wa wima unaokifunga. Kinanda kikaenda huku, fidla kule.

"Bi Kessler, hapo unapandisha nini?" aliuliza Ullrich.

"Kilichoandikwa. Alama hii hapa."

Mwalimu akavaa miwani. "Ni ya noti hii moja. Zamani kila noti ilibeba alama yake. Hiyo ya pili haina, basi haipandi."

"Bibi amemfuata mtungaji mpaka kwake," alisema Annegret kwa sauti ya kusikika, "wakapotezana njiani."

Kwaya ikacheka. Roswitha akafunga kitabu, akavaa koti, akaenda moja kwa moja dukani.

"Nipe lile safi. Na usiseme neno."

"Sijasema."

"Uso wako umesema."

"Uso nimezaliwa nao," alisema Mechthild, akamfungia kitabu.

Humo alama zilikuwa zimeandikwa kwa desturi ya leo, na matao yakabaki yale yale mafupi. Palipokuwa na shaka tao linaishia wapi, wachapaji walikiri nyuma ya kitabu kwamba hawajui. Hapo Roswitha aliamua mwenyewe, kwa penseli.

Ijumaa Ullrich alimsimamisha kabla hajafika mbali. "Tao refu liko wapi? Watu hapa wamelizoea."

"Wamezoea la yule msomi."

"Sema kweli. Ni kwa sababu ya mkono wako."

"Mkono ndio ulionituma kutafuta. Nilichokipata hakikutoka mkononi mwangu." Akamfungulia matoleo yote mawili, lile safi na la picha, ubavu kwa ubavu.

Ullrich alisoma muda mrefu, kidole kikifuata noti. "Siipendi," alisema mwishowe. "Tangu utoto wangu naisikia vingine."

"Najua. Mimi ndiye niliyekuwa naipiga."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Jumapili njoo mapema. Baridi ya humu inalegeza vigingi vya kukazia nyuzi. Sasa rudia toka mwanzo. Annegret, mgeuzie Bi Kessler kurasa."

Annegret akasogea, uso umemvimba. Roswitha akaweka fidla begani.

"Usigeuze mpaka nitikise kichwa," alimwambia, akaanza.