Fundi Aliyevunja Rimu ya Mteja

Jumanne asubuhi jirani yangu wa zamani wa Ngoingwa alinipigia simu kuniambia kwamba fundi wetu wa baiskeli amefariki. Aliugua mapafu kwa muda mfupi, akafia nyumbani. Wasomaji wangu wengi hawakumjua. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara, ukitoka Thika mjini, na kwa miaka mingi nilimpelekea baiskeli yangu hata ikiwa haina ubaya wowote, kwa kuwa nilipenda kukaa pale. Hakuwa mcheshi. Ukimsalimia alijibu, kisha akarudi kwenye kazi yake. Sitampamba kwa sifa ambazo yeye mwenyewe angezikataa. Nitasimulia asubuhi moja tu, ambayo sijaisahau.

Alikuja kijana mmoja akisukuma baiskeli, mamake akimfuata polepole, mkono kiunoni. Kijana alikuwa akimpeleka kliniki, na kwa kuwa mama aliogopa pikipiki, alimbeba kwenye keria, nyuma yake. Njiani waliingia shimoni, gurudumu la nyuma likapinda hata likawa linasugua breki. Kijana alitaka linyooshwe upesi wasije wakakosa daktari. Fundi alilifungua, akatoa tairi, akapitisha ukucha kwenye rimu mpaka akasimama mahali spoki mbili zinapoingilia. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Akasema hiyo hainyooshwi, imekwisha. Kijana akaomba, akabembeleza, mwishowe akaanza kufoka. Watu walisimama kutazama, na mimi, naona haya kukiri, nilikuwa upande wa kijana. Nilimwambia fundi ainyooshe tu wafike kliniki, mengine yatafuata.

"Baiskeli ni yangu," kijana alisema. "Ikianguka, nitaumia mimi."

"Wewe hukai nyuma," fundi akamjibu.

Kijana akanyoosha mkono achukue gurudumu lake, akisema huko mbele kuna fundi mwingine asiye na maneno mengi. Sote tulijua kweli yuko, na kwamba angeigonga rimu ile ikanyooka kwa dakika tano. Fundi hakubishana. Aliliweka gurudumu juu ya jiwe, akainua nyundo, akapiga penye ufa. Pigo la tatu rimu ikaachana vipande viwili. Kijana aliokota spana kubwa iliyokuwa kwenye gunia, akaiinua juu ya kichwa cha fundi aliyekuwa bado amechuchumaa, na mzee hakujikinga. Mimi nilikuwa hatua mbili tu kutoka pale, lakini sikumzuia. Mama ndiye aliyezungumza, bila kupaza sauti.

"Weka hiyo chini. Mimi ndiye ningeanguka."

Mkono ulibaki hewani kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana, kisha ukashuka. Fundi akainuka, akaivuta baiskeli yake mwenyewe, akafungua gurudumu la nyuma na kulifunga kwenye ile ya kijana. Mama akapanda. Tuliwatazama wakiteremka kuelekea daraja la Chania hadi walipopotea. Kwa wiki kadhaa baadaye fundi alikwenda kazini kwa miguu, na ni katika siku hizo aliponieleza sababu yake. Zamani, akifanya kazi Ruiru, alimnyooshea rimu yenye ufa mtu aliyekuwa na haraka. Jioni hiyohiyo gurudumu lilikunjika mbele ya lori. Mwenye baiskeli alipona. Mkewe, aliyekuwa kwenye keria, hakupona. "Ufa niliuona," aliniambia. "Nikaona pia mtu ana haraka. Nikafuata haraka." Kilichomtesa, alisema, ni kwamba hakuna aliyemlaumu. Matangani watu wote waliilaumu barabara.

Tumezoea kuambiwa tuzibe ufa mapema, lakini yeye alijua kwamba kuna nyufa zisizozibwa. Siku hizi ghorofa zinachipuka Ngoingwa na Ruiru kama uyoga, na katika kila moja yuko aliyeona jambo akanyamaza ili kazi isonge. Siwanyooshei kidole. Mimi ni mmoja wa kamati iliyojenga ukumbi wa kanisa letu. Mwaka jana niliona nguzo moja imepasuka, mwashi akasema ufa uko kwenye plasta tu, waumini walikuwa wakingoja ufunguzi, nikatia sahihi ukumbi utumike. Jumatano, siku moja baada ya habari za msiba, nilimwandikia mwenyekiti, nikaomba ukumbi ufungwe mpaka mhandisi aikague nguzo hiyo. Simu nilizopigiwa tangu hapo si za kurudiwa hapa.

Nimejifunza, kwa kuchelewa, kwamba anayetuharakisha mara nyingi si mtu mbaya. Ni mtu mwema mwenye shida ya kweli, na ndiyo sababu kumkatalia ni kazi ngumu. Harusi iliyokuwa ifanyike Jumamosi katika ukumbi ule imehamishiwa kwenye hema, na bibi harusi, ninayemjua tangu akiwa mtoto, amekataa kupokea salamu zangu. Na aendelee kunikasirikia, ilimradi awe mzima.