Nyuso Chini ya Kapeti

Firdaus alikuwa muuza bhajia huko Mwiki, Ruiru. Kila asubuhi, kabla ya kubandika karai, alichambua magazeti ya kufungia aliyonunua kwa kilo. Habari ziliondoka na wateja. Picha za vitu vya kale zilibaki naye: vyungu vya Nubia, vichwa vya shaba vya Benin, vya udongo vya Ife. Alizibandika sebuleni. Mwanamke mmoja wa Ife, mwenye michirizi uso mzima, ndiye aliyemtazama kila alipochoka.

Zaid, mumewe, aliposema mama yake yuko njiani kutoka Thika, Firdaus aligeukia ukuta wa picha. Mama Amida hakutaka sura za watu katika nyumba ambamo watu huswali. Kwa Mahir, mwanawe mkubwa, alibandua kalenda yenye picha za watu akaitia motoni, na chai ikachemkia moto huo huo.

"Chagua," Zaid alimtania, "mama yangu au hao wafalme wako."

Firdaus alizibandua moja moja. Sanduku lilikuwa limejaa nguo, na hodi ilishasikika mlangoni. Akazitandaza chini ya kapeti.

Chai ilinyweka vizuri. Kisha adhuhuri ikaadhiniwa. Mama Amida akauliza kibla kiko wapi, akatandika mswala palepale. Firdaus alisimama kando. Kila mama alipoinama, karatasi zilitoa mlio chini yake. Zaid akakohoa kikohozi cha uongo.

Alipomaliza, mama alikunja mswala, akainua pembe ya kapeti. Akamtoa yule mwanamke wa michirizi, karatasi imekunjika pajini.

"Huyu ni nani?"

"Simjui, Mama. Ni kazi ya zamani sana. Hata aliyemfinyanga hajulikani."

"Na wewe ukanisujudisha juu yake."

Firdaus akatupa jicho nyuma. Jikoni makaa yalikuwa mekundu, na sufuria ya wali ilikuwa imeshaepuliwa.

Mama aliilaza picha gotini, akainyoosha kwa kiganja, taratibu. Akasema ukutani nyuso hazirudi, wawe wafalme au nani. Vyungu sawa, vyungu havina macho. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa kanga.

"Hawa wafunge humu. Mtu aliyefinyangwa hivi hakanyagwi."

Firdaus akawafunga, akawaweka juu ya kabati. Hata hivyo, jioni mama alipoinuka kwenda kuchochea jiko, naye aliinuka, akamfuata nyuma, akijidai anatafuta mwiko, macho yake kwenye mikono ya mama.