Vigingi Vilivyopika Maharagwe

Nianze na ujinga wangu, kwa maana mtausikia tu. Vigingi ambavyo wapima barabara walichomeka kwenye njia panda yetu, nje kidogo ya Kitale, niliving'oa mimi. Vyote. Nikavipeleka nyumbani kama kuni. Vilikuwa vikavu, ncha zao nyekundu nikazikata njiani, na Mama, asijue vilikotoka, akanisifu, ati siku hizi nimekuwa kijana wa maana. Tukapikia maharagwe.

Sasa, njia panda ile imejificha nyuma ya kilima, na malori hutokea pale kama yametupwa. Kila asubuhi Mama humshika mkono dada yangu mdogo, Nafula, amvushe, ndipo aende sokoni. Mwaka uliotangulia lori lilimkosa Nafula kidogo tu, likaondoka na kiatu chake kimoja. Kwa hiyo Mama alivingojea vigingi vile kuliko mvua: kilima kingekatwa, barabara ipanuliwe, mtu aone kinachokuja. Greda lilipofika, nyapara alikuta mashimo matupu. Akasema mpima yuko kwao Bungoma, anaugua, na asiporudi kupima kufikia Ijumaa, greda linapelekwa njia panda nyingine.

Nilikiri jikoni. Mama hakunichapa, na hapo ndipo nilipoogopa. Alikamata jogoo wetu, akamfunga miguu, akanikabidhi nimpelekee mpima Bungoma. Kwetu msamaha hauombwi mkono mtupu.

Alhamisi alfajiri nilipata lifti kwenye lori la mahindi. Tulipofika Kamukuywa, pa kukata kwenda Kimilili, dereva alisimama katikati ya barabara akingoja magari yapite, huku nyuma yetu basi likipiga honi na kutukaribia. Alikazia macho kioo cha pembeni, jasho likimtoka. Mwishowe njia ikafunguka, tukakata.

Chwele ilikuwa siku ya soko. Mama mmoja muuza kuku alimpapasa jogoo kifua, akataka kumnunua. Nikamwambia huyu hauzwi, ni wa kesi.

"Kesi gani na wewe ni wa shule? Si useme tu umevunja kiti cha mwalimu."

Saa nane nikawa Bungoma, kwa mpima, mzee aliyejifunika blanketi juani. Nilimweleza yote, hata maharagwe. Mkewe akampokea jogoo kwa mikono miwili, akaenda naye nyuma ya nyumba. Mgeni wa mbali haondoki bila kuku, na kuku wa karibu alikuwa yule yule. Basi bana, nilikula msamaha wangu mwenyewe, na ugali.

Mzee alitafuna firigisi polepole. "Na maharagwe yaliiva?"

"Haraka sana, mzee."

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaweka sahani chini. "Vile vigingi nilipima nikiwa nimepiga magoti," akasema. "Nilitaka kuona barabara kwa urefu wa mtoto."

Nami nikaweka sahani yangu chini.

Ijumaa kabla ya jua tulirudi kwa gari lake la kazi, yeye na blanketi lake, mimi na mzigo wa vigingi vipya. Pale njia panda aliniamuru nipige magoti kando ya lami, nihesabu tangu ninapoona lori hadi linaponifikia. Nilifika mbili. Upepo wake ukaniondoa kofia. Nikamwona Nafula upande wa pili, mkono wake kiganjani mwa Mama, nikaelewa nilichokuwa nimechoma.

Tulichomeka mpaka greda likaanza kunguruma. Mama alileta chai, akamshukuru mzee, kisha akaniuliza jogoo alipokelewaje. Nikasema alipokelewa vizuri, na paja moja nililipokea mimi.

Aliangalia mstari wa vigingi, akaniangalia kuanzia miguu hadi kichwa kama anayenipima.

"Kimoja kikipotea," akasema, "nitakuchomeka wewe mahali pake. Na mbuzi nitamfunga kwako."