Tarehe za Mafaili ya Magazini

Walisema sitapata tiketi ya ndege. Nilipoipata, wakasema nitarudishwa kutoka uwanjani Ubelgiji kwa sababu ya viatu vyangu. Nilipokaa huko miaka minne, wakasema nimekwisha oa Mzungu na mtaani kwetu Ruashi hawataniona tena. Na siku niliporudi na diploma ya kompyuta, mzee mmoja wa Kamalondo, mfanyabiashara wa vitambaa ambaye babu zake walitoka Maniema, aliishika ile karatasi, akaigeuza mbele na nyuma, akaniuliza mbele ya wateja wake:

"Ni muzuri. Lakini hii karatasi, mwana, unaweza kuivaa? Unaweza kuikula?"

Wateja wakacheka. Nilicheka pia, lakini neno lake nililiweka moyoni.

Sina aibu kusema kwamba katika mtaa wetu hakuna aliyefanya nilichofanya. Sikuwa na baba, sikuwa na mjomba katika chama, na serikali haikunipa hata daftari. Nilisoma kwa fedha za watu watatu. Huyo mzee wa vitambaa alilipa tiketi kwa kumheshimu marehemu baba yangu. Shangazi yangu wa Sakania, aliyekuwa akivusha unga na sabuni kutoka Zambia, alilipa mwaka wa kwanza wa masomo, huku akisema anatupa fedha mtoni. Wa tatu ni baba mdogo, aliyetunza magazini, yaani ghala, ya vipuri katika kiwanda cha shaba cha serikali. Yeye alitoa akiba yake yote na hakucheka.

Kampuni hiyohiyo ya shaba ilinichukua kwa majaribio ya miezi sita. Nikithibitishwa, ningepata mshahara wa kada, yaani wa ofisa, na malimbikizo ya miezi yote hiyo, na kwa fedha hizo ningewalipa wote watatu kwa siku moja. Nisipothibitishwa, ningerudi Ruashi na karatasi isiyovalika wala kulika. Hilo nililijua mimi, na mkuu wangu wa idara alilijua pia.

Alikuwa mtu mfupi, abakosti yake, ile suti isiyo na tai, imepigwa pasi hata wakati umeme ulipokatika wiki nzima. Alinipa kazi moja tu.

"Citoyen," aliniambia, maana wakati ule kila mtu alikuwa citoyen, raia, si bwana, "kila magazini iko na faili yake mu mashine. Bakubwa ba Direksyoni banataka kujua kila faili ilibadilishwa siku gani, saa gani. Karatasi moja, kila asubuhi. Ya mashine zote mbili."

Mashine zote mbili, hapo ndipo palipokuwa na kazi. Ile ya zamani ilitoka Amerika na ile mpya Ufaransa. Zote zilijidai kuwa za mfumo mmoja, Unix, lakini zilikuwa kama ndugu wa mama mbalimbali. Hapakuwa na amri ya kuuliza tarehe ya faili moja kwa moja. Ilikubidi uorodheshe mafaili kwa amri ya ls -l, kisha uchomoe tarehe katikati ya maneno mengine, kama unavyotoa mfupa kwenye samaki. Mashine mpya ilitaja mwenye faili pamoja na kundi lake. Ile ya zamani ilimtaja mwenye faili tu. Kwa hiyo ukisema "nipe neno la sita," huku unapata mwezi, kule unapata siku.

Wahandisi wawili waliokuwepo kabla yangu waliandika skripti mbili, yaani orodha za amri, kila mashine na yake, na kila moja ikaharibika kwa wakati wake. Mimi niliandika moja. Nilihesabu maneno kutoka kulia badala ya kushoto, maana jina la faili liko mwisho daima na tarehe iko kabla yake tu, kundi liwepo au lisiwepo. Leo mtoto yeyote ataona ni jambo jepesi. Siku ile, Lubumbashi nzima, niliona mimi peke yangu.

Niliijaribu kwa mafaili yangu mwenyewe wiki nzima. Haikukosea hata mara moja. Nikamwita mkuu wa idara aje aone, na nikaiendesha kwenye mafaili ya kumbukumbu za uhasibu. Ikaandika kwamba faili la kwanza lilibadilishwa saa elfu moja na mia tisa na themanini na kitu.

"Hii saa," akasema mkuu, "iko ya wapi? Ya mbinguni?"

Nilikuwa nimejaribu vitu vipya tupu. Faili likipita miezi kama sita bila kuguswa, ls huacha kuonyesha saa, huweka mwaka mahali pake. Likiwa la karibuni, huonyesha saa na kuficha mwaka. Basi nikafundisha skripti itazame alama ya nukta mbili: ikiwepo, ni saa, na mwaka utafutwe kwa hesabu, mwezi wa faili ukiwa mbele ya mwezi wa leo, faili ni la mwaka jana. Isipokuwepo, ni mwaka, na saa iachwe wazi. Mashine ya zamani nayo ilikuwa imewekwa kwenye saa ya Kinshasa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa moja, hata ikaonekana watunza magazini wanaingia kazini kabla lango halijafunguliwa. Nikaongeza mstari wa saa ya Lubumbashi. Mwezi wa tano wa majaribio, karatasi ilitoka safi kwenye mashine zote mbili. Jina la magazini, jina la mwenye faili, mwaka, mwezi, siku, saa. Mimi niliipanga.

Na kila magazini ilikuwa na tarehe ya leo.

Nilifurahi sana. Nilidhani nimethibitisha kwamba kiwanda kiko hai. Nikaenda kumwonyesha baba mdogo jina lake kwenye karatasi, kama mtoto anayepeleka nyumbani alama za shule. Nilimkuta ndani ya magazini yake, ameketi mbele ya skrini, nyuma yake rafu ndefu za chuma. Nilizitazama zile rafu. Zilikuwa tupu. Kulikuwa na katoni mbili za skrubu, mfagio, na beringi moja yenye kutu.

"Baba, faili yako inasema una beringi kumi na mbili za kinu cha mawe."

"Inasemaka vile."

"Lakini umeibadilisha leo asubuhi."

"Shi kila asubuhi nafanyaka vile!" Alinitazama kama vile nimemwuliza kwa nini ananawa uso. "Zamani, mu kitabu, tulikuwa tunaandikaka RAS, hakuna la kusema, na kutia sinyatire, sahihi ya mukono. Kama hauandike, chef anasema haukukuja kazi. Sasa kitabu njo hii mashine. Minafungua faili, minaiweka tena vile iko, minaifunga, mashine inaweka leo. Bote banafanyaka vile. Magazini zote."

"Na beringi?"

"Beringi zilikwendaka na bakubwa balioziagiza, mwaka mingine. Nilisema. Banasema: usiandike sifuri, sifuri itatuletea bakaguzi. Njo naandika RAS."

Nilirudi ofisini na ile karatasi. Ningeweza kuandika skripti nyingine, ilinganishe yaliyomo ya leo na ya jana, ionyeshe kwamba faili limeguswa lakini hakuna tarakimu iliyobadilika. Ilikuwa kazi ya siku mbili. Nilimwambia mkuu wa idara, kwa maneno ya kuzunguka, kwamba tarehe ni sahihi lakini huenda mafaili yenyewe si sahihi.

Aliweka kalamu chini.

"Citoyen, mi nilikuomba tarehe. Tarehe iko juste?"

"Iko juste, chef."

"Iko juste mu mashine zote mbili?"

"Zote mbili."

"Basi kazi yako imeisha. Mambo ya ndani ya faili iko na benyewe."

Mwezi uliofuata nilithibitishwa. Barua ilitaja skripti yangu kwa sifa. Bado ninayo hiyo barua.

Haukupita muda mrefu kinu kikubwa cha kusaga mawe kikasimama kwa kukosa beringi. Idara ya ununuzi ilikuwa imekataa kuagiza nyingine, kwa sababu karatasi ya kila asubuhi ilionyesha faili la zile beringi kumi na mbili likiwa limehakikishwa siku ileile. Kulikuwa na kikao. Walitaka mtu wa kubeba lawama. Wakachukua karatasi zangu za miezi mitatu, wakazipanga mezani, na katika kila moja kulikuwa na jina la baba mdogo na saa aliyofunga faili, saa moja na dakika kadhaa asubuhi, kila siku, hakukosa hata moja. Watunza magazini wengine walifanya vilevile, lakini kinu kilichosimama kilikuwa cha beringi zake. Niliitwa kueleza kama skripti inaweza kukosea.

Nilisema haikosei. Ilikuwa kweli. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye diploma.

Walimfukuza bila kiinua mgongo, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi. Kinu hakikupona. Walichukua vipande vyake kutengeneza kingine, na hicho nacho hakikudumu.

Malimbikizo yangu yalichelewa mwaka mzima. Yalipotoka, fedha ilikuwa imeoza mikononi mwa watu; noti zilizonunua mwezi wa masomo sasa zilinunua chakula cha wiki. Hata hivyo niliapa kulipa, na nililipa. Shangazi alikuwa amekuja kutoka Sakania kwa treni. Alipokea fungu lake, akasema asante, akalifunga kwenye kitenge bila kulitazama tena. Nikaenda Kamalondo. Mzee wa vitambaa alizipitisha noti vidoleni, akaniangalia kwa huruma, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mwana, ulichukuaka ndege. Unanirudishia velo ya kukanyaga na miguu."

"Ni hesabu ileile tuliyoandikiana, mzee."

"Ni ileile. Sikatai. Umekuwa mwanaume."

Jioni nilifika kwa baba mdogo. Alikuwa ukumbini akimenya mihogo pamoja na mkewe, akasimama aliponiona. Nilimpa bahasha. Kwetu mdogo hupokea kwa mikono miwili, lakini mkubwa akipewa kitu na mtoto wake huwa anakipokea kwa mkono mmoja, hata bila kuinua macho. Ndivyo alivyopokea kila kitu kutoka kwangu tangu nizaliwe. Siku hiyo alifuta mikono yake kwenye suruali, akainama kidogo, akaipokea kwa mikono miwili.