Kondoo wa Ghalani

Mchoraji wa mji ule wa ngano na kondoo hakuwa na kazi moja. Alichora bango la bucha, akafinyanga vikombe vya kanisa, akasuka ndege kwa seng'enge chakavu, na mwenye baa alipofariki, akampambia jeneza. Brashi aliifutia ndevuni, ndiyo maana ndevu zake hazikuwahi kuwa na rangi moja. Ukimkosoa, alikujibu kwa sauti ya usingizi: "Ngoja ikauke kwanza."

Jirani yake Noelene, mfugaji, alimvumilia kwa sababu alitamani kuchorwa. Siku ya kuzindua picha kubwa kwenye ghala la ngano, refu kama mnara, Noelene alimwona kasisi pale ukutani, mwenye bucha, hata mbwa wa posta. Yeye hayumo. "Miaka yote nakulisha keki, mshenzi wewe!" Mchoraji akamwonyesha kondoo jike wa katikati, aliyekodoa jicho moja na kubenua mdomo. Watu wakamtazama kondoo, wakamtazama Noelene, wakaangua kicheko. Noelene akaikagua picha kwa muda mrefu.

"Hereni umeiweka sikio la kushoto," akasema. "Kushoto tunawavisha madume waliohasiwa! Unanihasi mbele za watu?"

"Ngoja ika..."

"Haikauki kitu! Panda!"

Mchoraji akapanda ngazi, brashi mkononi. Noelene akasimama chini yake, akageuza sikio la kulia juani, akakodoa jicho, akabenua mdomo vizuri, jamaa asije akakosea tena.