Kuku Niliyemkataa Bukene

Leo sokoni Mtendeni nimepewa kuku, nusura nilie.

Enzi za vijiji vya ujamaa nilitoka Malawi kuja kufundisha Kiingereza karibu na Bukene. Wiki ya kwanza, mama wa mwanafunzi aliniletea kuku wa kunikaribisha.

Nikamkataa. Nilidhani ananunua alama!

Leo binti yake, sasa naye bibi, amenisimamisha.

"Shikamoo, mwalimu. Na huyu utamrudisha?"

"Marahaba. Simrudishi."

"Afadhali. Mama alisema, 'Huyu hakai, roho yake iko safarini.'"

Jamani, alijuaje? Mpaka leo sanduku langu liko chini ya kitanda, nguo zimekunjwa tayari.

Jioni hii nimelikuta wazi. Kuku ametaga humo.

Ninyi mngelihamisha yai?